Kuchagua Mashine ya Kuinulia Mizigo ya Ujenzi

Kujenga nyumba ni kazi ya kuinua. Tofali liko chini, lakini ukuta unapanda juu. Zege linachanganywa chini, lakini lenta iko juu. Kenchi zinagongwa misumari chini, lakini mahali pake ni juu ya kuta. Kila kitu lazima kipande.

Katika vijiji vyetu kazi hiyo hufanywa kwa mikono, kwa vichwa na kwa mabega. Watu hujipanga mstari na kupokezana makarai. Kazi huenda. Lakini watu huchoka na migongo huumia. Mara nyingine mtu huanguka kutoka kwenye jukwaa akiwa na mzigo kichwani.

Siku hizi ziko mashine ndogo za kuinulia mizigo ya ujenzi. Vikundi vya mafundi, vyama vya ushirika na kamati za ujenzi huulizana: Je, tukodi mashine? Je, tununue? Tuchukue ipi? Maswali hayo ni mazito. Fedha zinazotumika ni za watu wengi. Tena mashine iliyochaguliwa vibaya yaweza kupinduka na kuua mtu.

Wewe unajua kusoma na kupiga hesabu. Kwa hiyo huna haja ya kuamini tu maneno ya mwenye mashine. Katika somo hili tutajifunza kusoma namba za mashine, kusoma jedwali la mizigo, na kupiga hesabu kabla ya kutoa fedha.

1. MASHINE HII NI NINI?

Mashine tunayoizungumzia huitwa telehanda. Ukiiona kwa mbali waweza kudhani ni trekta lenye mkono mmoja mrefu. Ina magurudumu manne yenye matairi makubwa. Dereva hukaa katika kibanda upande wa kushoto. Upande wake wa kulia upo mkono wa chuma. Mkono huo hupanda na kushuka. Tena hurefuka na kufupika, kwa kuwa ndani ya chuma kimoja kimo chuma kingine, kama eriali ya redio.

Mbele ya mkono hufungwa kifaa cha kazi. Kifaa cha kawaida ni meno mawili kama ya foko. Meno hayo huingia chini ya paleti, yaani chaga ya mbao ambayo juu yake hupangwa saruji au matofali. Meno yaweza kutolewa, likafungwa bakuli la kuchotea mchanga, au ndoana ya kuning'inizia kenchi.

Nguvu ya mkono hutoka kwenye mafuta ya haidroliki. Injini huzungusha pampu. Pampu husukuma mafuta kwa nguvu nyingi ndani ya mabomba. Mafuta husukuma pistoni, na pistoni huinua mkono.

Mashine hizi ni jamaa wa trekta. Mwaka 1958 huko Ufaransa, kampuni ambayo leo huitwa Manitou ilitengeneza foko ya kwendea kwenye ardhi mbaya kwa kuligeuza trekta. Mlingoti wa kuinulia ulifungwa nyuma, na dereva akakaa kuelekea mzigo. Mwaka 1977 kampuni ya JCB ya Uingereza ilianza kuuza mashine yenye mkono wa kurefuka, iliyoitwa Loadall. Leo makampuni mengi hutengeneza telehanda, kubwa kwa ndogo.

Telehanda ina tofauti na foko ya ghalani. Foko ya ghalani hutaka sakafu laini, nayo huinua mzigo wima tu. Telehanda hupita kwenye udongo na kokoto. Mkono wake waweza kuvuka ukuta au shimo na kuutua mzigo upande wa pili. Hiyo ndiyo faida yake kubwa. Lakini, kama tutakavyoona, ndiyo hatari yake kubwa pia.

2. KWANZA JIULIZE: JE, TUNAHITAJI MASHINE?

Usianze kwa kuuliza bei. Anza kwa kuipima kazi.

Tuseme kijiji kinajenga madarasa mawili. Lenta ya jengo lote ina urefu wa meta 50. Upana wake ni meta 0.2 na kimo chake ni meta 0.2. Hesabu ni hii:

50 x 0.2 x 0.2 = 2

Hizo ni meta za ujazo 2 za zege. Meta moja ya ujazo ya zege ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Kwa hiyo lenta nzima ina uzito wa kilo 4,800.

Nusu ya ndoo ya lita 20 hubeba kilo 24 za zege. Gawanya 4,800 kwa 24. Utapata 200. Maana yake ni kwamba zege lote litapanda kwa safari 200 za nusu ndoo. Watu kumi waliojipanga vizuri wataweza kuimaliza kazi hiyo kwa siku moja.

Kapi nalo linasaidia. Kapi moja lililofungwa juu halipunguzi uzito, lakini linakuwezesha kuvuta kamba kuelekea chini huku umesimama imara. Ukiongeza kapi la pili linalopanda pamoja na mzigo, nguvu unayotumia hupungua karibu nusu. Lakini utavuta kamba ndefu mara mbili. Kapi halitumii dizeli, wala halihitaji dereva.

Sasa tulinganishe gharama. Bei zifuatazo ni za mfano tu. Wewe weka bei za mahali pako.

Vibarua 10 kwa siku, kila mmoja Shs. 15,000: jumla Shs. 150,000.
Kukodi telehanda kwa siku: Shs. 500,000.
Lori la kuileta na kuirudisha: Shs. 600,000.
Jumla ya mashine kwa siku moja: Shs. 1,100,000.

Kwa lenta moja tu, mashine ni hasara. Tena fedha za vibarua hubaki kijijini, zikanunua unga na sare za shule.

Lakini tuseme kazi ni kubwa. Kikundi kimepata kazi ya kujenga ghala la ushirika na nyumba za walimu mahali pamoja. Mashine itakaa kwenye saiti siku 10.

Kukodi siku 10: Shs. 5,000,000.
Lori: Shs. 600,000.
Jumla: Shs. 5,600,000, yaani Shs. 560,000 kwa siku.

Gawanya 560,000 kwa 15,000. Utapata 37 na kitu. Kwa hiyo mashine itakuwa na faida ikiwa kila siku itafanya kazi ya vibarua 38 au zaidi. Kama kuna saruji, matofali, nondo na kenchi za kuinua kutwa, huenda ikafanya hivyo. Kama itainua mzigo asubuhi na kusimama mpaka jioni, haitafanya.

Iko sababu nyingine ya kutaka mashine, nayo ni mizigo ambayo mtu hapaswi kuibeba kabisa. Kenchi ndefu za mbao nzito au za chuma, zinazopandishwa kwa kamba na watu waliosimama juu ya kuta mbichi, zimekwisha kuleta misiba. Hapo usihesabu fedha peke yake. Hesabu na maisha ya watu.

3. SOMA NAMBA ZA MASHINE

Mashine nyingi zimeandikwa namba ubavuni. Namba hizo zina maana. Tazama mifano hii:

JCB 525-60. Namba 25 ina maana ya tani 2.5, yaani kilo 2,500. Namba 60 ina maana ya meta 6.

Manitou MT 625. Namba 6 ina maana ya meta 6 hivi. Namba 25 ina maana ya tani 2.5.

Merlo P 27.6. Namba 27 ina maana ya tani 2.7. Namba 6 ina maana ya meta 6 hivi.

Umeona? Makampuni hayaandiki kwa utaratibu mmoja. Moja huanza na uzito, jingine huanza na kimo. Lakini yote matatu yanasema mambo mawili: mashine huinua uzito gani, na mkono hufika juu kiasi gani.

Mashine hizo tatu huitwa ndogo. Upana wake ni meta 1.8 hivi, na kimo chake ni karibu na meta 2. Mashine yenyewe, bila mzigo, ina uzito wa tani 5 hivi. Zipo ndogo zaidi, zenye upana wa meta 1.5 hivi. Hizo huinua tani 1 na robo hivi hadi meta 4. Zipo pia kubwa zenye kuinua tani 4 hadi meta 17, lakini hizo si za saiti zetu ndogo.

Je, meta 6 zinatosha? Nyumba ya chini ina lenta kwenye meta 3 hivi, na kilele cha paa hakizidi sana meta 5. Kwa hiyo meta 6 zinatosha nyumba ya chini na ghorofa ya kwanza. Usilipie mashine ya meta 14 kwa kazi ya meta 5. Itakula dizeli zaidi, nayo itashindwa kupita kwenye njia zenu.

4. UJUE UZITO WA VITU

Huwezi kuchagua mashine kama hujui uzito wa mizigo yako. Jifunze namba hizi kwa moyo:

Mfuko mmoja wa saruji: kilo 50. Mifuko 20 ni tani 1.
Lita moja ya maji: kilo 1. Pipa la lita 200 lililojaa huzidi kilo 200, kwa kuwa pipa nalo lina uzito wake.
Meta moja ya ujazo ya mchanga mkavu: kilo 1,600 hivi. Ukilowa huwa mzito zaidi.
Meta moja ya ujazo ya zege: kilo 2,400 hivi.
Paleti tupu ya mbao: kilo 25 hivi.

Tofali hutofautiana. Chukua tofali moja, lipime kwenye mizani ya duka au ya ushirika, kisha zidisha kwa idadi ya matofali yaliyo kwenye paleti. Usikisie kwa macho. Macho hayapimi uzito.

5. KWA NINI MASHINE HUPINDUKA?

Chukua ndoo ya maji. Ishike karibu na mwili wako. Utaiweza. Sasa nyoosha mkono mbele ukiwa na ndoo ileile. Bega litauma, na mwili utataka kuanguka mbele. Maji hayakuongezeka. Kilichoongezeka ni umbali.

Telehanda nayo ni vivyo hivyo. Matairi ya mbele ni kama katikati ya mizani. Nyuma ya matairi hayo uko uzito wa mashine. Mbele yake uko mzigo. Mzigo ukiwa karibu, mashine huushinda. Mkono ukirefushwa mbele, mzigo uleule hupata nguvu zaidi. Ikifika mahali mzigo ukaishinda mashine, matairi ya nyuma huinuka, na mashine huangukia mbele.

Mashine yaweza kupinduka ubavuni pia. Hii hutokea ikiwa imesimama kwenye mteremko, au ikikata kona huku mkono uko juu.

Kwa hiyo mtu akikuambia, "Mashine hii huinua tani mbili na nusu," usiseme "Vema" ukanyamaza. Muulize: "Ikiwa umbali gani?" Tani 2.5 ni za mzigo ulio karibu na mashine. Mkono ukinyooshwa wote mbele, mashine hiyohiyo huenda isiruhusiwe kubeba hata tani moja.

6. KUSOMA JEDWALI LA MIZIGO

Ndani ya kibanda cha dereva lazima pawepo jedwali la mizigo. Mara nyingi ni picha ya mashine na mkono wake, ikiwa na mistari na namba. Namba za chini zinaonyesha umbali kwenda mbele. Namba za pembeni zinaonyesha kimo. Namba zilizo ndani zinaonyesha uzito unaoruhusiwa.

Tazama mfano huu. Ni mfano wa kujifunzia tu. Kila mashine ina jedwali lake.

Umbali wa meta 1: uzito usizidi kilo 2,500.
Umbali wa meta 2: uzito usizidi kilo 1,500.
Umbali wa meta 3: uzito usizidi kilo 950.

Sasa tufanye hesabu. Paleti ina mifuko 30 ya saruji. Mifuko 30 mara kilo 50 ni kilo 1,500. Je, yaweza kutuliwa kwenye umbali wa meta 2?

Wengi watajibu, "Ndiyo." Jibu ni hapana. Wamesahau paleti. Paleti ina kilo 25, kwa hiyo mzigo wote ni kilo 1,525. Umezidi. Punguza mfuko mmoja, nawe utapata kilo 1,475. Sasa ni salama.

Je, kwenye umbali wa meta 3 ni mifuko mingapi? Mifuko 18 ni kilo 900. Ongeza paleti, utapata kilo 925. Mifuko 18 inafaa. Mfuko wa 19 haufai.

Kumbuka mambo manne kuhusu jedwali:

Kwanza, jedwali ni la ardhi ngumu na tambarare. Kwenye mteremko au matope namba hizo si za kuaminika.

Pili, kila kifaa kina jedwali lake. Jedwali la meno si jedwali la ndoana wala la bakuli.

Tatu, jedwali la meno huhesabu kwamba katikati ya mzigo ni sentimeta 50 kutoka shina la meno. Mzigo mpana uliotokeza mbele zaidi ya hapo hupunguza uwezo wa mashine.

Nne, mashine nyingi za siku hizi zina taa za kumwonya dereva. Kijani ni salama, manjano ni tahadhari, nyekundu ni hatari. Taa ni msaada, lakini hazichukui nafasi ya jedwali. Dereva anayesubiri taa nyekundu amekwisha chelewa.

Mashine isiyo na jedwali usiikodi wala usiinunue. Ni kama dawa isiyo na maandishi kwenye chupa.

7. IPIME SAITI YAKO

Kabla mashine haijaja, tembea kwenye saiti ukiwa na kamba ya kupimia, kalamu na karatasi. Andika majibu ya maswali haya:

Njia ni pana kiasi gani? Mashine ya meta 1.8 inahitaji nafasi ya nusu meta kila upande. Jumla ni meta 2.8. Pima mlango wa ua na nafasi kati ya nyumba na nyumba.

Itageuka wapi? Mwulize mwenye mashine inahitaji meta ngapi kugeuka. Tuseme ni meta 4. Chomeka kijiti ardhini, funga kamba ya meta 4, kisha chora duara. Kama duara linagonga ukuta au mti, mashine haitageuka hapo. Chagua mashine ambayo magurudumu yote manne hukata kona. Hiyo hugeuka mahali padogo. Nyingine zaweza hata kwenda upande kama kaa.

Ardhi ni ya namna gani? Mashine ya tani 5 ikibeba tani 2 huwa tani 7, na sehemu kubwa ya uzito huo hukalia matairi mawili ya mbele. Udongo wa mfinyanzi wakati wa masika hautaustahimili. Panga kazi ya mashine wakati wa kiangazi, au mwage kokoto na kushindilia njia.

Chini ya ardhi kuna nini? Hili ni jambo kubwa vijijini. Ulizeni wazee: choo cha zamani kilikuwa wapi? Kisima kilichofukiwa kiko wapi? Wekeni vigingi na kamba kuzunguka mahali hapo. Mashine isipite.

Juu kuna nini? Kama nyaya za umeme zinapita juu ya saiti, usianze kazi bila kuwauliza TANESCO. Umeme wenye nguvu kubwa waweza kuruka hata kabla chuma hakijagusa waya. Mkono ukigusa waya, dereva abaki ndani ya kibanda bila kushuka, na watu wengine wote wakae mbali mpaka umeme ukatwe.

8. KUNUNUA AU KUKODI?

Tupige hesabu tena kwa bei za mfano. Tuseme mashine inauzwa Shs. 120,000,000 na itafanya kazi miaka 10. Kila mwaka imekula Shs. 12,000,000. Ongeza dereva, matairi, mafuta ya haidroliki na vipuri, tuseme Shs. 18,000,000 kwa mwaka. Jumla ni Shs. 30,000,000 kila mwaka, hata kabla ya dizeli.

Kama kukodi ni Shs. 500,000 kwa siku, gawanya 30,000,000 kwa 500,000. Utapata siku 60. Kikundi chenye kazi ya mashine chini ya siku 60 kwa mwaka kikodi. Chenye kazi nyingi zaidi kinaweza kufikiria kununua, au kushirikiana na vikundi vingine.

Mkitaka kununua mashine iliyokwisha tumika, kagueni mambo haya:

Saa ya kazi. Mashine hizi huhesabiwa kwa saa, si kwa kilometa. Linganisha namba ya saa na hali ya kiti, pedali na matairi. Kiti kilichochakaa kabisa na saa chache havipatani.

Mkono. Tafuta nyufa na mahali palipochomelewa. Mkono uliochomelewa ovyo waweza kukatika. Urefushe wote, kisha utikise kutazama kama umelegea.

Mivujo. Tazama mabomba na pistoni. Lakini usipapase bomba kwa kidole kutafuta mvujo. Mafuta yenye nguvu hupenya ngozi kama sindano, na jeraha lake ni la kukimbilia hospitali mara moja, hata likiwa dogo. Tumia kipande cha boksi.

Jaribio. Inua mzigo ambao uzito wake mmeupima. Simamisha mkono, ngojeni dakika tano. Ukishuka wenyewe, pistoni au vali ni mbovu.

Vipuri. Ulizeni vinapatikana mji gani, na ni nani fundi wake. Mashine nzuri isiyo na vipuri ni banda la kuku la gharama kubwa.

9. MKATABA

Mkikodi, andikeni mkataba. Kabla ya kutia sahihi, mmoja ausome kwa sauti mbele ya kamati. Mkataba ueleze:

Nani analipa dizeli?
Nani anamlipa dereva na kumlisha?
Nani analipa lori?
Siku ya kazi ni saa ngapi?
Mashine ikiharibika, je, siku hiyo italipiwa?
Mtu akiumia au ukuta ukibomolewa, bima ya nani italipa?

Jambo ambalo halikuandikwa litaleta ugomvi. Neno la mdomo husahaulika, karatasi husema.

Muulizeni mwenye mashine vyeti viwili. Cha kwanza ni cha ukaguzi wa mashine. Hapa Tanzania Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ilitungwa mwaka 2003, na OSHA ndio wanaokagua mitambo ya kuinulia. Cha pili ni cha dereva. Mtu anayejua kuendesha gari au trekta hajajua bado kuendesha telehanda. Ofisi za VETA zaweza kuwaelekeza kuhusu mafunzo ya waendesha mitambo.

10. SHERIA ZA SAITI

Ziandikeni sheria hizi kwenye ubao, mzitundike mahali pa kuonekana:

Mtu asipite wala kusimama chini ya mkono ulioinuliwa.
Mtu asipandishwe juu ya meno au paleti.
Mashine ikitembea, mkono uwe chini na umefupishwa.
Mtu mmoja tu amwelekeze dereva kwa mkono. Kulia kwake mkono wa chuma humzuia kuona.
Dereva afunge mkanda. Mashine ikipinduka asiruke nje.
Watoto wasiingie saitini. Wataikimbilia mashine kuitazama, kwa hiyo wekeni kamba na mlinzi.
Kazi ikiisha, meno yawe chini, injini izimwe, na ufunguo utolewe.

Ndugu msomaji, mashine ni mtumishi mwenye nguvu, lakini haina akili. Akili ni yenu. Pimeni kazi, pimeni mzigo, pimeni njia, kisha ndipo mfungue mfuko wa fedha. Mkiona kwamba kapi na vibarua kumi vinatosha, msione haya. Mkiona kwamba mashine inafaa, ichukueni mkijua mnachokichukua.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Mashine imeandikwa 520-40 kwa utaratibu wa JCB. Inainua kilo ngapi? Inafika meta ngapi?
2. Paleti ya kilo 25 ina mifuko 24 ya saruji. Mzigo wote ni kilo ngapi?
3. Tumia jedwali la mfano. Je, mzigo huo waweza kutuliwa kwenye umbali wa meta 2? Na meta 3 je?
4. Taja mahali katika kijiji chenu ambapo mashine ya tani 7 isingepita kwa usalama. Kwa nini?
5. Je, kuna ujenzi gani kijijini kwenu ambao ungefaa kukodiwa mashine? Fanyeni hesabu kwa bei za kwenu.

MANENO

haidroliki: nguvu inayotokana na mafuta yaliyosukumwa ndani ya bomba
jedwali la mizigo: picha au orodha ionyeshayo uzito unaoruhusiwa kwa kila umbali
kapi: gurudumu dogo la kupitishia kamba ya kuinulia
lenta: mkanda wa zege unaozunguka juu ya milango na madirisha
paleti: chaga ya mbao ya kupangia mizigo